Mbwa Akistaafu Anaenda Wapi?

Skiza. Kama umewahi kukaa maskani hapa Ukunda usiku, mechi za mpira zimeisha na bado kuna mtu ana shilingi hamsini kwenye simu, basi hao mbwa unawajua. Wanatoka sita kwenye visanduku, kila mmoja na fulana yake: namba moja nyekundu, mbili buluu, tatu nyeupe, nne nyeusi, tano ya rangi ya chungwa, sita milia myeusi na myeupe. Wanazunguka uwanja, mmoja anashinda, mtu anaitukana simu, na baada ya dakika chache wanatoka sita wengine. Hawachoki, hawateguki mguu, hawazeeki. Programu ndiyo inayochagua mshindi kwa namba za kubahatisha, na ile picha ya mbwa ni pambo tu la kukufanya uamini kuna kitu umekiona.

Mimi sibeti. Sababu ni ukata, sio uchamungu, kwa hivyo usiniweke kwenye mimbari. Kilichonikamata ni swali la jamaa yangu mmoja aliyekuwa amepoteza mia mbili kwa namba nne. Aliangalia simu, akaniangalia mimi, akasema: "Kwani hawa mbwa wako kweli, ama ni katuni tu?"

Wako kweli, kaka. Wanaitwa greihaundi, lakini hapa tuwaite mbwa wa mbio. Ni warefu, wembamba, kifua kikubwa, tumbo limeingia ndani kama mtu aliyefunga mwezi mzima bila futari. Mbwa huyu akifungua mbio anakaribia kilomita 70 kwa saa, yaani ile kasi ya matatu ya Likoni dereva akiwa amechelewa zamu. Na hakimbii kwa sababu anajua mstari wa mwisho uko wapi. Anafukuza sungura wa bandia anayeburutwa na mtambo mbele yake. Mtambo huo ulitengenezwa na Mmarekani mmoja, Owen Patrick Smith, na uwanja wake ulifunguliwa Emeryville, California, mwaka 1919. Mwaka 1926 mchezo ukaingia Uingereza, uwanja wa Belle Vue kule Manchester, ukawa burudani ya wafanyakazi wa viwandani: unatoka kazini jioni, unanunua tiketi ya bei rahisi, unabeti, unarudi nyumbani na deni.

Fikiria hiyo biashara kidogo. Mbwa anamfukuza sungura ambaye hayupo. Miaka mia moja baadaye, kijana wa Ukunda anaweka pesa ya kesho kwa mbwa ambaye hayupo. Angalau yule mbwa hakuweka pesa yake.

Lakini nilipoendelea kusoma (nilikuwa na bando ya usiku, na usingizi ulikuwa umenikataa) nikaona mbio zenyewe ndizo fupi kwenye maisha ya huyu mnyama. Anaanza kukimbia akiwa na mwaka mmoja na nusu hivi. Akifika miaka minne, mitano, wengi wao wameisha. Wengine wanaisha mapema zaidi, kwa sababu wamevunjika mguu kwenye kona au kwa sababu tu ni wazito wa kukimbia. Na mbwa huyo akitunzwa anaishi mpaka miaka kumi na mbili, hata zaidi. Sasa piga hesabu. Miaka miwili mitatu ya kazi, halafu miaka minane ya kuwa "hana faida". Anaenda wapi?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa baya. Wengi waliuawa tu, wakiwa wazima. Hata aliyekuwa staa hakupewa kaburi. Mbwa wa Kiayalandi aliyeitwa Mick the Miller alishinda Derby ya Uingereza mwaka 1929, akashinda tena 1930, akacheza mpaka filamu. Alipokufa mwili wake ukakaushwa, na mpaka leo amesimama ndani ya kioo kwenye makumbusho ya Tring. Huyo ndiye aliyekuwa na bahati.

Halafu pole pole watu wakaanza kuwachukua nyumbani. Nisikupe hadithi tamu kupita kiasi: hata leo kuna ubishi mkubwa kule, kwamba wenye viwanja wanajisifu jinsi mbwa wao wanavyopata makazi huku wakizalisha wengine kila mwaka. Lakini kuchukuliwa kwenyewe ni kweli. Uwanja wa mbwa wa Macau, kule China, ulipofungwa Julai 2018, zaidi ya mbwa 500 walibaki kwenye mabanda hawana mwenyewe, na wakatafutiwa nyumba katika nchi mbalimbali, wengine wakapandishwa ndege mpaka Ulaya na Marekani. Mwaka huohuo wapiga kura wa Florida wakaamua mbio za mbwa zikome kabla ya mwaka 2021 kuanza. Lilikuwa jimbo lenye viwanja vingi kuliko yote Marekani, kwa hivyo maelfu ya mbwa wakawa wastaafu karibu kwa mpigo.

Na hapa ndipo iliponinoga, mpaka nikasahau usingizi. Mbwa wa mbio akiingia nyumba ya mtu mara ya kwanza, hajui nyumba ni nini. Amelelewa bandani, amesafirishwa kwenye gari lenye vizimba, amekimbia, amerudishwa bandani. Hajawahi kuona ngazi, anasimama chini yake anatetemeka. Anagonga mlango wa kioo kwa sababu hajui kioo ni kitu. Anajibwekea mwenyewe kwenye kioo cha kujitazama. Wengine wanalala macho wazi, ukimgusa ghafla anaruka na meno, sio ukali, ni vile hajawahi kulala mahali ambapo mtu anapita karibu. Ngozi yake ni nyembamba na hana mafuta mwilini, kwa hivyo kwenye baridi anavalishwa koti. Na huwezi kumwachia kamba barabarani, maana akiona kitu kidogo kinakimbia, paka ama karatasi ya nailoni, ameenda, na wewe na miguu yako miwili utamwita mpaka sauti ikauke.

Kitu cha ajabu ni kwamba huyu bingwa wa mbio nyumbani ni mvivu wa kutupwa. Analala saa kumi na sita, kumi na nane kwa siku. Wanaomchukua wanalalamika kitu kimoja tu, kwamba kochi limekuwa lake.

Mbwa wa mbio wa Marekani ana alama masikioni, imechorwa kwa wino tangu mdogo. Sikio la kulia linasema mwezi na mwaka aliozaliwa na nafasi yake kwenye uzao, la kushoto ni namba ya uzao wenyewe. Kwa hivyo mtu anaweza kukaa kwenye kochi lake, akashika sikio la mbwa aliyelala, akasoma huyu alikuwa nani kazini. Hiyo picha haikunitoka.

Sasa utaniuliza, haya yote yanatuhusu nini sisi watu wa Kwale? Hapa hatuna uwanja wa mbwa, tuna mnazi na bahari.

Mbwa wa mbio hatuna. Mbwa wa kazi tunao tele. Tembea barabara ya Diani kutoka Galu mpaka mwisho wa hoteli jioni uone. Nyuma ya kila geti refu kuna askari, na nyuma ya askari kuna mbwa. Mchana amefungiwa bandani nyuma ya jenereta, wageni wasimwone. Saa kumi na mbili jioni anafunguliwa, anazunguka ukuta mpaka alfajiri, anafungiwa tena. Hiyo ndiyo ajira yake. Na yeye pia anazeeka, na yeye pia anauliziwa siku moja: huyu bado ana faida?

Mwaka jana nilikuwa narekodi video za nyumba moja ya kukodisha wageni karibu na ufuo. Kazi ndogo, siku mbili, bei ya kirafiki. Nyumba ilikuwa inauzwa, mwenyewe anarudi kwao Ulaya, na mnunuzi alitaka kamera za ukutani, hakutaka mbwa. Yule askari wa geti, mzee wa Kinango, aliniita pembeni nikikunja waya zangu. Akaniambia: "Kijana wangu, wewe una watu wengi kwenye simu. Huyu Simba nimeambiwa Ijumaa daktari aje ammalize. Mimi nimefanya naye kazi miaka sita. Hajawahi kulala zamu."

Hilo neno la mwisho lilinipiga. Mzee mwenyewe alikuwa anaondoka mwisho wa mwezi, na sikusikia mtu akiuliza yeye ataenda wapi.

Simba, ndio. Jina la mbwa mia mbili wengine wa Diani. Ana damu ya shepadi wa Kijerumani na damu nyingine ambazo hakuna aliyeziandika, ana miaka minane hivi, sikio moja limekatika ncha, mguu wa nyuma unachelewa akiamka. Sikio lake halina wino wa kusoma. Kila kitu ninachokijua kuhusu kazi yake nimekipata kwa mzee.

Kumsafirisha kutoka Diani mpaka nyumbani kwetu Msambweni ilikuwa sinema. Probox ya kwanza dereva alifunga vioo. Ya pili dereva alisema yeye ni mtu wa swala na gari lake ni hivyohivyo. Mwishowe tulipanda pickup iliyokuwa inarudi bila nazi, Simba amelala kwenye gunia, mimi nimemshika kamba, na watu wa stendi wananirekodi mimi kwa mara ya kwanza badala ya mimi kuwarekodi wao. Jirani yetu mmoja aliponiona nashuka alisema kwa sauti ya kusikika: "Chuo ameacha, sasa ameanza kulea mbwa." Sikumjibu. Ni kweli niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliisha kabla ya hamu kuisha, na mtu akitaka kulijadili hilo nitakaa naye siku nyingine. Lakini Simba hakuniuliza cheti.

Wiki za kwanza ndipo nilipoelewa zile habari za ngazi na vioo. Simba alikuwa hajui mchana. Miaka sita mchana kwake ni banda. Jua likitoka anajichimbia nyuma ya jiko la nje la mamangu, chini ya makuti, anatetemeka kila pikipiki ikipita. Mbuzi wa kwanza alipomsogelea, jibwa zima lilirudi nyuma likagonga sufuria. Ufagio ukiinuliwa analala chini kifudifudi, na hapo hujui nani alimfundisha ufagio ni nini, unaweza kubahatisha tu.

Halafu ikifika saa kumi na mbili jioni, anainuka. Hatukuwa na ukuta sisi, uwanja wetu ni wazi, minazi na kichaka cha mkilifi. Simba alianza kutembea. Mstari ulionyooka, halafu kona kali, mstari mwingine, kona. Usiku kucha. Siku ya tatu nikachukua tochi nikafuata nyayo kwenye mchanga na nikaona umbo lake: lilikuwa kama ule uwanja wa Diani, ukuta kwa ukuta, hadi pale geti lilipokuwa anasimama kidogo, kama anasubiri mzee atoke na chai. Alikuwa analinda ukuta ambao hakuna mtu mwingine anauona. Alifanya hivyo siku arobaini na kitu. Halafu usiku mmoja alizunguka mara mbili tu, akalala. Nilimpigia mzee simu saa tano usiku kumwambia, na mzee alikuwa macho pia.

Sasa tuje kwa mamangu, maana najua wengi wenu mnaosoma hapa mnataka sehemu hii, kwa sababu nyumbani kwenu ni kama kwetu. Mamangu ni mtu wa swala tano. Alipomwona Simba hakupiga kelele. Alisema: "Mwanangu, mimi sina ugomvi na kiumbe wa Mungu, lakini nyumba hii inaswaliwa." Kisha akataja masharti kama wakili. Mbwa asivuke kizingiti. Chombo chake kiwe chake na kisioshwe na vyombo vya watu. Nguo zangu za kumshikia ziwe mbali. Na niende kwa mjomba.

Kwa sisi Wadigo mjomba akikuita umeitwa. Wangu anafundisha madrasa, na nilienda nikiwa nimejiandaa kwa mhadhara. Alinikaribisha kahawa. Aliniambia mambo ambayo nilisomeshwa nikiwa mdogo nikiwa nimesinzia: kwamba kwenye Surat Al-Kahf wale vijana wa pangoni walikuwa na mbwa wao, amenyoosha miguu mlangoni. Kwamba Surat Al-Maidah aya ya 4 inahalalisha windo la mnyama aliyefunzwa. Kwamba kuna hadithi ya mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Na kwamba pamoja na hayo yote, kwa madhehebu yetu ya Shafi mate yake ni najisi nzito, unaosha mara saba, moja yake kwa mchanga, na hilo halina mjadala. Nikasema sawa, mchanga Msambweni haujawahi kuwa tatizo.

Kisha akauliza: "Mbwa ameruhusiwa kwa kuwinda, kwa kulinda mifugo, kwa kulinda shamba. Huyu wako ana kazi gani?"

Nikasema: "Mjomba, amestaafu."

Alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Alipotulia akasema: "Basi mwambie amepata kazi nyingine. Alinde mbuzi wa mamako."

Na ndivyo ilivyo mpaka leo. Kazi yake ni kulala chini ya mwembe karibu na zizi, na sauti yake ikisikika usiku, hata ikiwa ni ya uzee, mwizi wa mbuzi anafikiria mara mbili. Mamangu hamgusi, lakini juzi nimemsikia anamwambia mtoto wa jirani: "Usimpige mawe huyo, ni mzee."

Hapa ndipo mimi naachana kidogo na wale watu wa Ulaya na kochi lao. Sina shida na kochi. Mbwa wa mbio akipewa kochi baada ya yale mabanda, halali yake. Lakini vijana wengi hapa wakiona video za mbwa ndani ya nyumba wanaamua kwamba kulea mbwa ni kitu cha wazungu, kwa vile kwao hakiwezekani: hakuna kochi la kumpa, na hata likiwepo bibi hatakubali. Simba hajawahi kuvuka kizingiti chetu na hajakosa kitu. Anachohitaji mbwa aliyemaliza kazi ni kivuli, maji, chakula cha saa moja kila siku, sindano, na uhakika kwamba hakuna jiwe linakuja.

Kuna aliyeniandikia kwenye maoni, tena kwa herufi kubwa: watu wanalala njaa Kwale, wewe unalisha mbwa. Swali la haki, sitalikimbia. Simba anakula ukoko wa sima na dagaa wa bei ya chini, na kichwa cha samaki mvuvi akinipa. Kwa wiki haivuki shilingi mia tano, na hiyo ni pesa ninayoitafuta mwenyewe kwa video. Sijaiona familia yoyote iliyolala njaa kwa sababu ya Simba. Nimeona nyingi zilizolala njaa kwa sababu ya wale mbwa sita wa kwenye simu, na huyo mwenye herufi kubwa namjua, maskani ni moja.

Mwingine akasema naiga wazungu. Manze, mzungu mwenye Simba ndiye aliyesema amalizwe. Kuiga kwenyewe kungekuwa huko. Wazee wetu wa Kimijikenda waliwinda na mbwa kabla hoteli ya kwanza haijamwaga zege Diani. Na ukitaka mfano wa Waswahili kumtunza mnyama wa kazi, panda basi uende Lamu. Kule punda ndiye lori, ndiye anabeba mawe ya matumbawe na mchanga wa kujengea, na tangu 1987 kuna zahanati yake mjini inayomtibu bila malipo. Mji wa misikiti, wanawake wa buibui, na punda ana daktari. Hakuna aliyesema Lamu imekuwa Ulaya.

Nikuambie na yale yasiyo matamu, maana kuna watu wameona klipu ya Simba na mbuzi na sasa wanataka mbwa kesho asubuhi.

La kwanza ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu unaua watu kama 59,000 kwa mwaka duniani, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, wengi ni wa Afrika na Asia, na kati yao kuna watoto wanaofanana na wadogo zetu. Dalili zikishaanza hakuna tiba, karibu kila mtu anakufa. Lakini unazuilika kabisa. Asilimia 70 ya mbwa wa mahali wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Kenya ilianza mpango wake mwaka 2014, lengo ni kuutokomeza ifikapo 2030. Kwa hivyo mbwa wako akichanjwa kila mwaka unamlinda mtoto wa jirani anayekupigia mawe. Na ukiumwa na mbwa yeyote, hata mtoto wa mbwa, hata wa kwako: osha kidonda papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo uchomwe sindano. Usiweke majivu, usiweke mafuta ya taa, na usingoje uone kama mbwa atakufa.

La pili, mbwa mzee ni gharama za ghafla. Kupe wa pwani hawana huruma, na homa ya kupe ilimlaza Simba siku tano mwezi wa Mei. Daktari wa mifugo alikuja kwa bodaboda, nikalipa nusu, nusu nikamrekodia video ya dawa zake za kuku.

La tatu ni kwa watu wa Diani hasa. Mbwa aliyezoea kufukuza atafukuza, na nyinyi mna mbega. Kuna watu wamehangaika miaka mingi kufunga yale madaraja ya kamba juu ya barabara ili mbega wavuke bila kugongwa. Mbega akishuka chini anakuwa mzito na mjinga, mbwa anamkamata dakika moja. Kama uwanja wako una miti ya mbega, chukua mbwa ambaye miguu imeshachoka, ama uwe na kamba na uvumilivu.

Na la nne ni muda. Siku arobaini za kuzunguka ukuta usioonekana, hakuna nilichofanya cha maana isipokuwa kutomfunga na kuwa pale. Kuna siku hata nilimfuata nyuma, tunazunguka wawili kama wendawazimu, mbalamwezi juu, mamangu dirishani anasoma kitu cha kunikinga.

Kiswahili chetu hakijanipa neno zuri la jambo hili. Mtoto unamwasili, kuna sheria na karatasi. Mbwa watu wanasema umempata, umepewa, umemwokota. Mzee wa Kinango ndiye aliyelitaja vizuri zaidi. Anapiga simu kila Ijumaa baada ya swala, na hasemi "mbwa wako vipi". Anauliza: "Mwenzangu amekula?"

Sasa sababu ya kuandika wiki hii na sio wiki ijayo. Mzee amesikia kwa askari wenzake kwamba kuna geti jingine linafungwa huko huko Diani, na kuna mbwa watatu. Wawili ni majike, dada, wana miaka saba, hawajawahi kulala mbali mbali, kwa hivyo wanaenda pamoja au hawaendi. Wa tatu ni dume, jicho moja lina ukungu, anaitikia jina la Simba (najua, najua). Wamepewa mpaka mwisho wa mwezi. Daktari amekubali kuwachanja wote kabla hawajatoka.

Ukiwa Ukunda, Tiwi, Msambweni mpaka Lunga Lunga, na una uwanja, kivuli na mtu mzima nyumbani aliyekubali kwa mdomo wake mwenyewe, niandikie inboksi. Usiniambie unapenda wanyama, niambie atalala wapi mvua ya masika ikipiga. Usilete kochi, lete gunia na kamba. Na ukiwa na pickup inayorudi bila nazi, wewe ndiye ninayekutafuta kwanza.